Nilimwita Mama Mpaka Bei Ikashuka

Bi. Tak wa ukurasa wa ushauri wa Alhamisi, mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na nakuomba usinihukumu mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu nikisimulia nusu naonekana mtu mbaya na mimi si mtu mbaya, ni mwanamke wa kawaida tu wa hapa Cheongju, nina mume, nina kazi ya kupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na kitu pekee nilichokuwa nakitamani maishani ni nyumba yenye ardhi chini yake, badala ya hizi ghorofa ambako jirani wa juu akipiga chafya unamwambia pole.

Mume wangu, nimwite Gyu-cheol, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona ile nyumba, nyumba ya zamani yenye lango la bluu na ua mdogo, karatasi imebandikwa langoni kwa mwandiko wa mkono: "Nyumba inauzwa. Mwenyewe nipo ndani. Madalali msijisumbue." Gyu-cheol alifurahi kama aliyeokota kitu njiani, maana hakuna anachokichukia kama ile pesa ya dalali, ile tunayoiita sote pesa ya baraka, akaniambia, "Baraka gani ya kulipia? Huyo mzee Ok anakaa pale kwenye kona anakunywa kahawa ya pakiti, anainuka mara moja kukufungulia mlango wa nyumba ya mtu mwingine, halafu anataka baraka zake mkononi!" Bw. Ok ndiye dalali wa mtaa ule, ofisi yake madirisha yamejaa karatasi za nyumba, na kila tulipopita alituinamia kwa adabu, na Gyu-cheol alikuwa anageuza uso.

Kabla hatujabisha hodi Gyu-cheol alinishika mkono akasema, "Leo mimi bubu. Utaongea wewe. Mwenye nyumba ni bibi, mwite mama, mlegeze." Nikamwambia wanawake watu wazima kila mtu anawaita mama, hata muuza viatu sokoni anawaita hivyo, atalegea kwa hilo? Akasema, "Wewe mwite tu, utaona."

Mwenye nyumba ni mjane, anaitwa Jeom-rye, magoti yamemwisha, ana mtoto mmoja wa kiume anayekaa ng'ambo ya mto kwenye ghorofa ya kumi na nne na ambaye alikuwa amemshikilia mama yake auze ahamie kwake. Alitukaribisha, akatupikia supu ya vibonge vya unga, akaniwekea kabichi ya kimchi juu ya kijiko kwa vidole vyake kama mtoto mdogo, akasema, "Kula, umekonda, huyu mumeo anakulisha nini?" Nikamwita Omoni, mama, kwa heshima, kama tunavyomwita kila mama mtu mzima, akaitika kama wanavyoitika wote, yaani bila kusikia. Bei akaitaja na akaishikilia, tukarudi mara ya pili akaishikilia, mara ya tatu Gyu-cheol alishakata tamaa, anavaa viatu mlangoni, na mimi, Bi. Tak, sijui ilinitokaje, au labda najua, nikamshika yule mama kiganja nikasema, "Omma, tusaidie." Omma, lile neno la mtoto kwa aliyemzaa.

Mkono wake mwingine ulikuwa unafuta meza, ukasimama. Akasema, "Mwanangu tangu atoke jeshini ananiita Omoni. Nilishasahau hilo lingine linasikikaje." Akaingia jikoni, tukasikia sufuria zinagongana bila kazi, akatoka macho mekundu akapunguza bei, bila kuombwa tena, akapunguza kiasi cha gari jipya.

Mtoto wake alipopiga simu mbele yetu akimwambia, "Omoni, tafuta dalali, usiuze hivyo hivyo na watu usiowajua," alimjibu, "Nyamaza wewe, nauziana na mwanangu, dalali wa nini?" Gyu-cheol alinikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha.

Sasa kuna mitungi. Uani, karibu na ukuta, kuna jukwaa la mawe lenye mitungi yake mikubwa ya udongo, soya ya maji, soya ya kusaga iliyochacha, pilipili, na mmoja mweusi mdogo kuliko yote ambao una soya aliyoikuta mikononi mwa mama mkwe wake, naye aliikuta kwa wake, kila mwaka wanaongezea mpya juu ya ile ya zamani na haijawahi kuisha. Alinichotea tone kwenye ncha ya kidole akanilambisha. Ilikuwa tamu na chumvi na kitu kingine nisichokijua jina. Akaniambia kwa mwanawe mitungi haina pa kukaa, na mkwewe harufu yake inamuumiza kichwa, kwa hiyo anaomba ibaki pale pale, yeye atakuwa anakuja kwa basi siku za jua kuifunua ipate jua na kuifunika kabla ya jioni, akasema, "Sina ombi lingine katika nyumba hii." Nikamwambia, "Omma, hii ni nyumba yako siku zote."

Mkataba tuliutoa kwenye mtandao tukaujaza wenyewe mezani kwake. Pale chini panapoandikwa masharti ya ziada alishika kalamu akauliza, "Mitungi tuiandike hapa?" Mimi nikacheka nikamwambia, "Omma, tangu lini mama na mwana wanaandikiana?" Akaona aibu yeye! Akaifunika kalamu. Tukapaacha patupu.

Na naomba uniamini, Bi. Tak, sikuwa naigiza kila siku. Mwezi wa kwanza tulipohamia alikuja akanikuta nina homa, akanifunika blanketi kwenye sakafu iliyopashwa joto, akanipikia uji, akakaa ananipiga mgongoni polepole mpaka nikalala, na nilipomwita lile neno siku ile hapakuwa na bei yoyote ya kushusha.

Lakini akazidi. Anakuja na ufunguo wake wa zamani, habishi hodi, anasema, "Mama anabisha hodi kwa mwanawe?" Anafungua friji anatupa vitu vyangu, "Hiki nini, hiki kimekufa." Anamwita Gyu-cheol mkwe, "Mkwe, mbona hujanyoa?" Siku moja amemkuta na chupi tu sebuleni akamwambia, "Endelea, nimezaa wa kiume mimi." Majirani wakaanza kuniita binti wa Jeom-rye. Mama yangu mzazi, yuko Yeosu, siku moja tuko kwenye simu akanisikia namwitikia mtu uani, "Naam, Omma!" akauliza, "Unamwita nani hivyo?" Nikamwambia, muuzaji tu. Akasema, "Haya," na tukaongea habari za bei ya kabichi.

Halafu tukanunua gari. Ndiyo, kwa ile pesa tuliyookoa, na sitaki kuficha, na lile gari halina pa kuegeshwa ila uani, na uani hakuna nafasi ila palipo na jukwaa la mitungi. Gyu-cheol akasema huyu bibi hatatoka yeye mwenyewe, itabidi tumzoeshe kutokuja. Akapanga na fundi wa kufuli bila kuniambia siku, mimi nilijua mpango ila siku sikuijua, hiyo nakuapia.

Siku yenyewe nilikuwa mapumzikoni. Asubuhi jua kali, yule mama akaja, akafunua mitungi yote, akaipangusa mabega kwa kitambaa, akaniambia, "Naenda kudungwa sindano ya magoti, nikirudi nafunika." Hajafika hata kituo cha basi Gyu-cheol akaingia na fundi, wakaweka kufuli ya namba langoni, akaniandikia namba kwenye kiganja kwa kalamu, akarudi kazini.

Mchana mbingu ikageuka. Nikasikia ufunguo unakwaruza langoni, unakwaruza, unaacha. Kisha sauti yake, "Mwanangu! Uko? Ufunguo umekataa!" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. "Mwanangu, tazama mawingu hayo! Sina haja ya kuingia, funika mitungi tu! Toka ufunike tu!" Bi. Tak, sikutoka. Kwa sababu nikitoka kufunika ataniona kwenye upenyo wa lango, na akiniona itabidi nifungue, na nikifungua itabidi niseme kwa nini kuna kufuli mpya, na ningesema nini, ningemwita nani nikisema hayo? Matone yakaanza. Nikaona mwavuli unapanda juu ya ukuta, umefunguliwa, mkono wake tu ndio unaonekana, anaunyoosha kwenda kwenye ule mtungi mdogo mweusi, ukafika nusu ya mdomo wa mtungi, haukwenda zaidi. Aliushikilia hivyo mvua ikimnyeshea yeye upande wa pili. Kisha mkono ukachoka, mwavuli ukaangukia ndani, na sikusikia tena sauti.

Nilitoka mvua ilipokwisha. Mitungi ilikuwa imejaa maji hadi mdomoni. Niliifunika. Mwavuli nikauingiza ndani, ni mwavuli mzuri, mzito, siku za mvua naenda nao kazini.

Hakuja tena, hakupiga simu, na kusema kweli tulipumua. Mitungi ikaanza kunuka, si ile harufu yake, nyingine, nilifunua mmoja nikakuta ukungu mweupe na vitu vinatembea, nikafunika. Gyu-cheol akasema tuite watu wa taka. Nikamwambia tungoje. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Juzi akaja Bw. Ok, dalali. Amevaa tai, amevua kofia, hakuingia hata nilipomkaribisha, akasimama pale pale langoni akasema, "Mama Jeom-rye anamsalimu mwenye nyumba. Anaomba radhi kwa kuweka mizigo yake kwenye ua wa watu muda mrefu hivi. Anauliza kama Jumamosi, siku isiyo na mikosi, itamfaa mwenye nyumba, watu waje waichukue."

Nikamuuliza, "Kwa nini hakunipigia mwenyewe?"

"Amenituma mimi."

"Wewe unahusikaje?"

"Amenilipa," akasema. "Pesa ya baraka, kamili, kana kwamba niliwauzia nyumba. Nilimkatalia, akaiweka mezani akaondoka. Aliniambia mambo haya watu wasiofahamiana hawawezi kuambiana wenyewe."

Mwenye nyumba! Mimi ambaye alikuwa ananiita we mtoto!

Sasa swali langu. Gyu-cheol anasema tusitoe, mkataba hautaji mitungi, na kilichobaki uani ni cha mwenye uani. Au tukitoa, tuimwage, tuioshe, tujaze soya ya chupa ya dukani, hasa ule mdogo mweusi, asije akaona ilivyo akatudai fidia, maana anasema kwa umri ule ulimi umeshakufa, hawezi kutofautisha. Mimi sitaki ugomvi na sitaki aumie. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwanamke mtu mzima uliyezoea mambo ya mitungi: nikijaza ya dukani atajua? Na kama hatajua, si itakuwa nimemfichia uchungu?

Mimi, wa lango la bluu, Cheongju.


BI. TAK ANAJIBU

Wewe wa lango la bluu,

Nimesoma barua yako mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Kukuhukumu nilishakuhukumu katikati, unisamehe.

Nianze na swali lako kwa sababu ndilo linalonichefua. Atajua. Atajua kifuniko kikiinuka, kabla ya kidole. Atajua gizani. Ile soya alipewa na mama mkwe wake akiwa bi harusi, ameifunua na kuifunika maisha yake yote, na wewe unaniuliza kama chupa ya dukani itapita. Halafu unaliita hilo kumfichia uchungu. Uchungu wa nani, mwanangu? Unayetaka kufichwa ni wewe nyuma ya pazia, na yule mama ameshakuona, hata kama hakukuona.

Usinielewe vibaya, siko hapa kumtetea dalali. Watu wananunua nyumba kwa mwenyewe kila siku, wanakunywa chai, wanatazama rejista ya ardhi, wanaandikiana, wanalipana, wanaagana. Mimi hapa nilipo nimeketi kwenye nyumba niliyoinunua hivyo, na mwenyewe tulitukanana vizuri sana siku ya mkataba, mpaka leo tukikutana tunasalimiana. Lakini nikwambie dalali anacholipwa ni nini. Halipwi kufungua mlango. Analipwa kusema yale maneno makavu ambayo muuzaji na mnunuzi hawawezi kuambiana usoni: punguza, sipunguzi, hii mitungi yako itatoka lini. Ukimwondoa, makavu hayo unayabeba wewe, kwa kinywa chako. Nyinyi mlimwondoa na mkakataa kuyabeba. Mlimtuma mtoto. Mkamzalisha yule mama mtoto wa kike pale mezani kwake, mtoto akaomba, akapewa, na alipokwisha kupewa mkambadilishia kufuli.

Mumeo simsemi sana kwa sababu hakuniandikia. Yeye alimvisha yule mama kilemba cha ukoka tangu mwanzo na alijua ni ukoka. Gyu-cheol hajamdanganya mtu aliyempenda. Wewe ndiye uliyelala na homa ukipigwapigwa mgongoni.

Na hapo ndipo ninapokuonea huruma, maana nadhani unasema kweli kwamba siku ile hukuwa unaigiza. Nadhani hata nyuma ya pazia ulikuwa unaona aibu ya kweli. Wengi wetu tumewahi kusimama hivyo tukisubiri mtu achoke aondoke. Lakini sikiliza ulichomwambia mama yako wa Yeosu: muuzaji tu. Hilo lilikuwa jibu safi. Ungemwambia hivyo mapema Mama Jeom-rye mwenyewe, kwa heshima, "Omoni, mimi ni mnunuzi wako, mitungi nakupa muda hadi majira ya kuchipua, tuandike," angenuna wiki nzima, angewapandishia bei, na leo mitungi yake ingekuwa salama. Ungelipia gari kwa mshahara wenu. Mwenzako alishika kalamu! Alitaka kuandika! Ukamcheka akaona aibu. Katika barua yako yote hapo ndipo nilipoweka miwani chini.

Nikuambie na jambo jingine, liume kidogo. Soya ya zamani ni nzito. Ikikaa miaka, chumvi huganda chini ikawa ngumu kama mawe, na maji ya mvua hukaa juu. Jioni ile ile ungempigia simu angekwambia kwa hasira: chota ya juu, mwaga, iliyobaki chemsha, acha ipoe, rudisha. Ingepona, au sehemu kubwa ingepona. Namba yake unayo. Wewe ukafunika, ukaingia ndani na mwavuli wake.

Mwavuli huo unaoenda nao kazini. Sikuamini mpaka niliposoma mara ya pili.

Sasa fanya hivi, na usiniandikie kuniuliza kama kuna njia nyingine. Mitungi usiiguse, usimwage, usioshe, usionje. Huenda chini ya ule mweusi bado kuna kitu kinachoweza kuanzishiwa upya. Sijui mimi, hujui wewe, anayejua ni mmoja. Mumeo akisema habari ya mkataba mwambie sheria akaiulize kwa wakili na akamlipe, maana yeye hapendi kulipa watu. Jumamosi lango liwe wazi tangu asubuhi, na gari likaegeshwe mbali na lango, wenye kubeba wapate pa kupita.

Bw. Ok mpelekee ile pesa yake ya baraka, yote, toka mfukoni kwenu, amrudishie Mama Jeom-rye ya kwake. Ameifanyia kazi kuliko dalali yeyote niliyewahi kumsikia. Alivaa na tai.

Na usingoje Jumamosi wewe kwenda. Nenda kesho. Nenda peke yako, Gyu-cheol abaki akilinda gari lake. Usibebe matunda, usibebe boksi la zawadi lenye utepe, maana akikufungulia akaona zawadi itabidi akushukuru, na huna haki ya kumfanya akushukuru. Beba mwavuli. Umeukausha, umeukunja. Utamwambia yote matatu: kwamba kufuli uliijua, kwamba ulikuwa ndani, na kwamba ulimsikia. Sema hayo kwanza, kuomba radhi kuje nyuma, na usilie kabla yake. Akisema bei ya hasara, usishindane. Akikutukana, sikiliza hadi mwisho, umeshakula supu yake. Akikupa uji, kataa.

Anaweza asikufungulie. Ana haki hiyo, na nyumba ile ni ya mwanawe, hodi inabishwa. Utasimama chini ya ghorofa kumi na nne, utabonyeza kengele, na sauti yake itatoka kwenye kile kidude cha ukutani ikiuliza, "Nani?"

Neno litakupanda kooni, nalijua, umelizoea na linakuja lenyewe. Limeze. Mwambie, "Ni mnunuzi."